Mama Kahamia Jikoni

Jumapili, 25 Februari 1968

Leo baada ya misa mama amehamia jikoni. Hakugombana na mtu. Alikunja godoro lake, akajitwika sanduku la nguo, akaondoa picha ya Bikira Maria ukutani, akavuka ua na kuingia kwenye kile kibanda cha udongo tunachopikia, akawatoa kuku. Nilipomuuliza kulikoni alisema chumba chake kimeanza kujikojolea, na yeye kwa umri wake ameshalea vikojozi vya kutosha.

Niliingia kutazama. Nikaweka kiganja ukutani, kikarudi kimelowa kama nimetoka kuosha vyombo. Mahali ilipokuwa picha palikuwa pameota ukungu wa kijani, na chini ya kitanda maji yalikuwa yameshachora njia yao hadi mlangoni.

Nyumba hii ya Nyasho aliijenga baba kwa mawe na udongo kabla sijazaliwa. Ilikuwa na chokaa iliyobanduka hapa na pale, lakini ilikuwa kavu. Baba alifariki mwaka juzi. Mwezi wa kumi na moja uliopita kaka yangu Felisian, ambaye ni karani wa ushirika wa pamba kule Bunda, alipata kibali cha saruji, hii inayotengenezwa sasa hapa hapa nchini. Akaleta fundi, wakaikwangua chokaa yote, wakapiga lipu ndani na nje. Nyumba ikawa na sura ya ofisi ya serikali. Watu walipiga hodi kuuliza kama hapa ndipo pa kulipia kodi.

Kisha mvua zikaanza.

Daftari hili nilinunua kwa maandalio ya masomo. Naandika humu kwa sababu sina wa kumwambia. Bibi Shida, jirani yetu, akilijua jambo asubuhi, jioni liko Mugango.

Jumanne, 27 Februari

Mvua.

Alhamisi, 29 Februari

Mvua. Kitabu changu cha jiografia kimeota manyoya.

Jumapili, 3 Machi

Felisian amekuja na basi la asubuhi. Alikuta mama anakoroga uji mlangoni mwa jikoni, godoro lake limeegemea kinu. Hakupenda. Aliingia chumbani, akaugonga ukuta kwa kidole huku ameinamisha sikio, kama daktari anayesikiliza kifua, akarudi uani na majibu. Alisema lipu mpya lazima itoe jasho, inajizoesha. Pili, kikohozi cha mama kinatokana na moshi wa jikoni. Nikamkumbusha kwamba kikohozi kilianza chumbani. Akasema basi kikohozi nacho kinajizoesha.

“Mama, hii ni saruji,” alisema. “Saruji haipitishi maji.”

“Haipitishi,” mama alijibu, “lakini inanilowesha.”

Alimbembeleza sana arudi ndani. Mama akamwambia atarudi ukuta ukikauka, akampa uji. Felisian aliunywa amekaa kwenye gogo na suti yake ya Jumapili. Wakati wa kuondoka aliniambia kwamba tatizo ni lipu kuwa nyembamba. Atatafuta kibali kingine aongeze ya pili juu yake. Kaka yangu ana dawa moja tu, na isipoponya anaongeza kipimo.

Alhamisi, 7 Machi

Bombani Bibi Shida ameniuliza kwa upole kama ni kweli nimempeleka mama akalale na kuku. Nikamweleza habari ya ukuta. Akanipa pole. Nilipopita tena jioni, habari ilikuwa imeshakua: nimemtoa mama ndani ili nipate chumba cha kumwekea mwanamume.

Jumamosi, 9 Machi

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Bwana Boniphace, ameitisha kikao hapa uani. Alisema zimemfikia taarifa za mzazi kufukuzwa, na kwamba nchi inayojenga ujamaa haiwezi kuvumilia mzazi alale jikoni huku mtoto wake, tena mwalimu, analala sebuleni. Majirani walikuja wengi licha ya manyunyu. Wengine walibeba vigoda vyao.

Mama aliulizwa kama alifukuzwa. Akasema hakufukuzwa, alihama, na aliyemfukuza ni ukuta. Bwana Boniphace akataka kumwona mshtakiwa. Tukaingia wote chumbani, tukasongamana, naye akaanza kueleza kwamba saruji ni jasho la wafanyakazi wa taifa letu na haifai kusingiziwa. Alivyokuwa akieleza aliuegemea ukuta. Alieleza kwa muda mrefu. Alipogeuka kutoka, shati lake jeupe lilikuwa limegandamana mgongoni toka mabega hadi kiunoni, na lina ukungu.

Hakuna aliyecheka mpaka alipofika uani. Kikao kimeazimia kwamba ukuta ukauke.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Azimio halijatekelezwa.

Jumatano, 13 Machi

Leo nimeelewa jambo, na nimelielewa kwa sababu ya koti la Mwalimu Mihayo.

Mihayo anafundisha nyimbo shuleni kwetu. Ni mjane, kwao ni Nyasura, mtu wa taratibu, na kila wiki huja kuazima chaki. Anafundisha nyimbo, chaki anaandikia nini sijui. Leo alifika mvua ikinyesha kwa nguvu, amevaa koti la mpira refu alilonunua kwa Wahindi, limefungwa vifungo hadi kooni. Mama alimkaribisha jikoni penye moto. Mihayo akasema kwa fahari kidogo kwamba koti hilo halipitishi tone. Akalivua.

Alikuwa amelowa chapachapa. Shati, suruali, hata ile karatasi ya nyimbo mfukoni. Alibaki anajitazama. Koti kwa nje lilikuwa linatiririka maji, lakini kwa ndani lilikuwa linatiririka zaidi. Alikuwa ametembea kwa haraka kutoka shuleni, akatoka jasho, na kwenye shingo mvua ilikuwa imepenyeza kidogo, na yote hayo yakakosa pa kutokea.

Mama alimpa khanga ajifunge. Mihayo alikaa karibu na moto na khanga ya mama, na shati lake la pamba, lililotundikwa kwenye kamba, likaanza kufuka mvuke. Koti la mpira lilitundikwa pembeni yake. Shati lilikauka kabla chai haijaisha. Koti bado linadondosha hadi sasa ninapoandika.

Mimi nilikuwa natazama shati na koti, natazama shati na koti, mpaka Mihayo akaona aibu akaivuta khanga vizuri. Nikamwambia simtazami yeye. Nikamwambia nyumba yetu imevalishwa koti la mpira. Ardhi inalowa, maji yanapanda kwenye mawe na udongo wa baba, na kwenye lipu kuna nyufa ambamo mvua inapenya. Zamani ukuta ulikuwa unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, kama shati. Sasa ukilowa, umelowa.

Mihayo alifikiri, kisha akauliza kama nina nyundo.

Alhamisi, 14 Machi

Baada ya shule tumesogeza kabati chumbani kwa mama na kubandua lipu nyuma yake, ukubwa wa sinia. Mihayo alishika tindo, mimi nyundo. Saruji ilitoka mapande makubwa, na nyuma yake udongo wa baba ulikuwa mweusi na laini kama wa mfinyanzi, unanuka kisima.

Kazi hii ina kelele. Bwana Boniphace ni rafiki mkubwa wa kaka, na akijua leo, Felisian atajua kesho. Kaka alihangaika na kibali kile mwezi mzima, akapanda juu ya magunia ya saruji ndani ya lori kutoka Mwanza ili yasiibwe. Sikuwa na uso wa kumwambia naibandua.

Tulipokuwa katikati nikasikia Bibi Shida anapiga hodi uani. Nikaacha nyundo hewani. Mara mama, ambaye hatukuwa tumemwambia chochote, akashika mchi akaanza kutwanga. Twi, twi, twi. Bibi Shida akauliza zile kelele ni za nini. Mama akasema anatwanga. Tukaelewa, tukaendelea kupiga kwa kufuata mchi wake. Mihayo anasema mama ana mapigo mazuri kuliko darasa lake lote.

Nilipotoka nikaona kinu. Kilikuwa kitupu.

Jumapili, 17 Machi

Felisian amekuja. Hakuona kitu. Amelisifu kabati kwamba limekaa vizuri pale.

Jumatano, 20 Machi

Pale nyuma ya kabati panakauka. Pembeni yake, kwenye saruji, bado panatiririka. Nilimwita mama bila maelezo. Akapagusa kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa, akatoka. Jioni aliniomba chai yenye sukari. Tangu ahame alikuwa anakunywa ya mkandaa, bila sukari, kwa hasira.

Tumeongeza. Sasa tundu limelipita kabati. Mihayo ameleta ramani ya Afrika kutoka shuleni tufunikie.

Jumapili, 24 Machi

Siku ngumu.

Felisian alisimama mbele ya ramani akauliza Afrika inafanya nini chumbani kwa mama. Nikasema ni kwa ajili ya umoja wa Afrika. Hilo alishindwa kulipinga. Lakini ramani ni ya zamani, na nchi yetu imeandikwa Tanganyika. Kaka hapendi makosa ya maandishi. Akatoa kalamu yake ya wino kutoka mfukoni arekebishe. Alianza vizuri na T, kisha akakandamiza, na kalamu ikazama katikati ya nchi mpaka kwenye kofia yake.

Aliichomoa pole pole. Ilikuwa na udongo. Akaifuta kwa leso, akaitazama, akanitazama, akairudisha mfukoni.

“Hapa ni laini,” alisema.

Nikasema ni unyevu.

Kisha akaanza habari nyingine. Binti yake Ursula amepata mchumba kule Butiama. Wazee wa mvulana watakuja kujibiwa posa Jumamosi ya tarehe ishirini Aprili, na anataka wapokelewe hapa sebuleni kwa baba, kwenye nyumba ya ukoo, si kwenye chumba chake cha kupanga Bunda. Wasimkute mama jikoni. Nikamwambia nitajitahidi. Nilipomsindikiza kwenye basi alikuwa bado anaitazama ncha ya kalamu.

Ijumaa, 29 Machi

Kubandua ni rahisi. Shida ni kurudishia. Leo nilimuuliza mama wao walipaka nini zamani. Akanijibu kwamba tangu mwezi wa kumi na moja alikuwa anangoja mtu amuulize.

Akasema: udongo wa kichuguu, mchanga wa ziwani, mavi ya ng'ombe, majani yaliyokatwa, majivu kidogo, juu yake chokaa. Tukachanganya. Rafiki yake Bibi Kwangu akapita kusalimia, akachungulia karai, akasema majivu hayawekwagi. Mama akasema kwao Mugango yanawekwaga. Bibi Kwangu akasema ndiyo maana nyumba za Mugango hazina sura. Katikati ya hayo Bibi Shida akaingia bila hodi. Alisema amesikia mama anatwanga wiki nzima na hajasikia harufu ya chakula, kwa hiyo amekuja kuona kama ni mgonjwa wa akili.

Tumekamatwa. Nilijua kesho habari iko Bunda. Lakini Bibi Shida aliinama, akachota udongo, akausugua kati ya vidole, akaunusa, akasema wote wawili wamekosea, samadi ni kidogo.

Kila mmoja amepewa mraba wake ukutani. Kazi yangu imekuwa kuwatenganisha.

Jumatatu, 1 Aprili

Mraba wa Bibi Shida umedondoka. Wa Bibi Kwangu umepasuka kama kisigino. Wa mama umeshika. Mama anapita chumbani mara nyingi.

Jumanne, 2 Aprili

Wa mama umedondoka.

Alhamisi, 4 Aprili

Wamerudia, safari hii mchanga zaidi, na udongo uliolala na maji siku mbili. Wanakanyaga kwa miguu huku wanasemana. Mihayo alijitolea kukanyaga, akateleza, akakalia samadi. Bibi Shida anaficha siri yetu kama mali yake mwenyewe. Sijui nimwelezeje mwanamke huyu. Miaka yote nilidhani anapenda kusema, kumbe anapenda kuwemo.

Jumapili, 7 Aprili. Matawi

Felisian amekuja na mifuko miwili ya saruji, ameipandisha juu ya basi. Kibali kimetoka. Fundi atakuja baada ya posa kupiga lipu ya pili. Mifuko imewekwa sebuleni kwenye kona. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha mama kama mlinzi wa benki. Hakuomba kuingia. Nilishangaa.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Mvua tangu gloria mpaka baraka. Mchanganyiko umeshika. Ukuta mzima wa chumba cha mama umepakwa na haujapasuka. Bibi watatu wamekaa mbele yake kimya, wanautazama, kama watu waliokwenda senema.

Jumamosi, 20 Aprili

Naandika vidole vikiwa bado na vumbi.

Wageni walifika mchana. Aliyekuja kama baba wa mvulana ni Mzee Keraryo wa Butiama, mtu mrefu mkavu mwenye sauti ndogo, na ndugu zake wawili. Felisian alivaa suti. Mke wake na Ursula walikuja tangu jana, na Ursula hakutulia, alipiga deki sebule mpaka nikamwambia aache, anaongeza maji. Mama alikubali kukaa ndani kwa heshima ya siku, amevaa gauni lake la Pasaka. Wageni tukawakalisha kwenye benchi, wameupa mgongo ukuta mkubwa wa mbele, ule ambao hatukuugusa. Ndio ulikuwa mzuri kwa macho. Nilikuwa nimeupangusa kwa kitambaa asubuhi, na tena kabla hawajaingia.

Mezani kulikuwa na ugali wa muhogo na mtama, sato watatu wakubwa wa mchuzi, na kuku mmoja ambaye alikuwa mpangaji mwenza wa mama. Mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa yamekwenda vizuri. Ilibaki Felisian asimame kutoa jibu. Akasimama, akakohoa, akaanza kwa kusema kwamba wageni wako kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga kwa mikono yake, nyumba ambayo haijawahi kuanguka.

Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayechana karatasi. Nikaona ufa umetoka juu ya dirisha, unashuka bila haraka. Lipu ikavimba kama tumbo. Halafu yote, kutoka dirishani hadi kwenye kona, ikaachana na ukuta kwa pamoja na kuinama mbele, ikawalalia wazee watatu mgongoni. Waliibeba kwa mabega yao wote watatu, wameinama, mikono bado kwenye ugali. Kisha ikakatika, na kipande kikubwa kikapita juu ya kichwa cha Mzee Keraryo na kutua kwenye sato.

Vumbi lilipotulia hakuna aliyeumia. Mchuzi ulikuwa umefika kwenye suti ya Felisian. Nyuma ya wageni mawe ya baba yalikuwa wazi, meusi, yanang'aa kwa maji.

Mzee Keraryo alijipangusa nywele pole pole.

“Sisi tulikuwa tunangoja jibu lenu,” alisema. “Ukuta umeshajibu. Sasa sijui umekubali au umekataa.”

Ndugu zake wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu, halafu wakashindwa. Bibi Shida, ambaye alikuwa dirishani muda wote, alicheka mpaka akakaa chini. Mama akamwambia Ursula alete sato wengine. Lakini Felisian hakucheka. Aliweka karatasi ya hotuba juu ya meza, akatoka nje kwenye mvua.

Nilimkuta kwenye pipa la maji, amesimama tu. Nilitaka kumwambia la chumba cha mama, nikaanza vibaya, nikasema kaka kuna jambo.

“Najua,” alisema. “Najua tangu kalamu ilipozama.”

“Mbona hukusema?”

“Na wewe mbona hukusema?”

Kisha akaniambia kitu ambacho sikukijua. Baba alikuwa kibarua wa ujenzi wa serikali ya Mwingereza. Hilo nalijua, lakini sikuwahi kufikiri alikuwa akijenga nini. Alibeba saruji kichwani, mifuko na mifuko, kupandisha kule mlimani kwenye nyumba za wakubwa, na jioni alirudi hapa kwenye mawe na udongo, na nyusi zake zilikuwa nyeupe. Felisian alikuwa mtoto, ndiye aliyemmwagia maji. Baba alipokuwa anaumwa mara ya mwisho alimwambia Felisian, nataka na mimi niipate hata kidogo, ile niliyowabebea. Hakuipata. Alifariki kabla kibali hakijatoka.

Mimi miezi yote hii nilidhani kaka anajionyesha kwa majirani.

Mama alikuja na mwavuli, lakini hakumfunika mtu, aliushika tu. Alikuwa amesikia.

“Aliniomba mimi pia,” alisema. “Nikamwambia pesa hatuna. Halafu tulipokuwaga nazo nikamwambia nyumba hii inapumua, iache ipumue. Alinuna mwezi mzima.” Akamtazama Felisian. “Ingia ndani. Wakwe hawaachwagi na ukuta.”

Akaingia. Alimwambia Mzee Keraryo, na mchuzi ukiwa bado kwenye suti, kwamba jibu ni ndiyo. Ursula akaanza kulia, Mzee Keraryo akauliza kama huwa analia hivi akifurahi, akaambiwa ndiyo. Baadaye aliomba kuona chumba cha mama. Wao huko wameambiwa wajenge upya kwenye kijiji kipya cha ujamaa, na anataka kujua ni udongo gani. Bibi watatu wakamjibu kwa pamoja, kila mmoja na lake.

Jumapili, 21 Aprili

Felisian hakurudi Bunda. Amevaa fulana na bukta ya marehemu baba, ameshika nyundo, anabandua. Alipiga kwa hasira mwanzo, halafu akazoea. Amejigonga kidole gumba mara mbili na mara zote mbili ameulaumu mpango wa Mungu.

Bwana Boniphace alikuja kuuliza kama inaruhusiwa kubandua mali ya taifa. Felisian akateremka kwenye ngazi, akamweleza kwamba saruji inatoka mbali kwa lori la mafuta ya kigeni, ila kichuguu kiko nyuma ya choo, na Azimio linasema tuanze na tulichonacho. Bwana Boniphace akafikiri. Akavua shati, safari hii kabla ya kuukaribia ukuta, akaomba tindo.

Alhamisi, 2 Mei

Mawe ya baba yako uchi nyumba nzima, madirisha wazi, tunalala huku upepo wa ziwani unapita. Mihayo huja kila siku. Leo alisahau kuomba chaki.

Jumapili, 12 Mei

Jua. Tumepaka sebule. Felisian amejifunza kurusha udongo kwa kiganja na sasa anawasahihisha bibi. Bibi Kwangu amemwambia akaandike pamba.

Jumatatu, 20 Mei

Chokaa. Nyumba imekuwa nyeupe, haina unyoofu wa ofisi, ina mabonde ya viganja vya watu. Hakuna anayepiga hodi kuuliza kodi.

Jumamosi, 25 Mei

Mama amerudi ndani. Sikumwona akihama. Nimeingia nimekuta picha ya Bikira Maria imetundikwa, na yeye amelala chali anatazama dari, hakohoi. Kuku wamerudi jikoni.

Jumapili, 2 Juni. Mugango

Ilibaki ile mifuko miwili. Mmoja ulikuwa umeganda kwenye kona ya sebule, umekuwa jiwe lenye umbo la mfuko, na mama ameuweka mlangoni mwa jikoni anaukalia. Wa pili ulikuwa mzima. Felisian alisema atauuza Bunda. Mama akamwambia usiuzwe, una mwenyewe.

Tumekuja kwa lori la dagaa, mama mbele na dereva, mimi na Felisian na Mihayo nyuma. Kaburi la baba liko juu kidogo ya ziwa, na lilikuwa tuta la udongo na mawe tu, mvua zimelila upande mmoja. Kutoka barabarani ni mwendo. Mihayo alitaka kusaidia kubeba, Felisian akamkatalia. Alijitwika mwenyewe mfuko kichwani, akapanda nao, na alipofika nyusi zake zilikuwa nyeupe. Mama alimtazama kwa muda, akageuka upande wa ziwa, akajifuta uso.

Tulichanganya. Nikamuuliza mama taratibu kama hatajali, saruji tena, baada ya yote yale.

“Huku hakuna anayekohoa,” alisema.

Felisian alilaza lipu kwa mwiko, akailaza tena, mpaka ikawa laini kama meza. Alinipa msumari niandike jina, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, nikaandika, akakuta nimekosea tarehe, akaifuta, nikaandika upya. Mihayo aliimba wimbo mmoja. Kisha tukakaa kwenye nyasi, tukala mihogo, tukalinda mbuzi wasikanyage.

Ilipoanza kushika, mama aliinuka, akaenda, akaipiga kofi mara moja kwa kiganja, kama unavyompiga mtu begani.

“Haya, mzee,” alisema. “Saruji yako hiyo.”

Halafu akauliza lori linaondoka saa ngapi.